Usaili wa mameneja wa hoteli wahamia mtandaoni: Yanayomkabili mwombaji wa Sirisia

KWA miaka mingi, kijana wa Sirisia aliyesomea usimamizi wa hoteli na kuitwa kwa usaili jijini Nairobi alikuwa na njia moja tu. Alikopa nauli, akapiga shati pasi, akateremka hadi Bungoma mjini na kuabiri basi la usiku lililopitia Webuye, Eldoret na Nakuru. Hiyo ilikuwa safari ya takriban kilomita 400. Alfajiri alinawa uso kituoni, akafika mbele ya jopo akiwa na macho mekundu ya kukosa usingizi.

Aliulizwa maswali kwa dakika 20, akaambiwa angepigiwa simu, na usiku huo huo akarejea nyumbani.

Siku hizi mwaliko huja kwa arafa au barua pepe, ukiwa na anwani ya kubonyeza, tarehe na saa. Nauli haihitajiki tena katika hatua ya kwanza. Hata hivyo, mahitaji mengine yamechukua nafasi yake, na baadhi ni mazito kuliko nauli yenyewe.

Sirisia ni eneobunge la Kaunti ya Bungoma lililo chini ya Mlima Elgon na kupakana na Uganda. Wakazi wake wengi ni wakulima. Kazi za umeneja wa hoteli hutafutwa kwingine: Bungoma mjini, Kitale, Eldoret, Kisumu, Nairobi, Pwani, na zaidi ya hapo Dubai na Doha. Ndiyo sababu usaili wa mbali unamgusa mwombaji wa huko kuliko unavyomgusa yule anayeishi mtaa wa tatu kutoka kwa hoteli inayotafuta meneja.

Ulikotoka

Usaili wa mbali ulianza na simu ya kawaida. Mwaka 2003 ilizinduliwa programu ya Skype, iliyowawezesha watu walio nchi mbalimbali kuzungumza na baadaye kuonana kupitia kompyuta. Nchini Kenya haikufaa sana mwanzoni, kwani mawasiliano ya intaneti yalitegemea setilaiti, na picha ilikwama kila baada ya maneno machache. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, kasi ilianza kupanda na gharama kushuka. Mwaka 2016 WhatsApp iliongeza simu za video, na tangu hapo mwombaji hakulazimika tena kuwa na kompyuta.

Lililobadilisha mambo kabisa ni janga la corona. Kisa cha kwanza nchini kilitangazwa Machi 13, 2020, na kafyu ikaanza Machi 27. Hoteli zilifunga milango na maelfu ya wafanyakazi wakapelekwa nyumbani. Zilipoanza kuajiri tena, kuwakusanya wasaili watano na wasailiwa kumi katika chumba kimoja lilikuwa jambo la hatari. Zoom, Google Meet na Microsoft Teams zikawa ukumbi wa usaili. Skype yenyewe, iliyotangulia zote, ilifungwa Mei 2025.

Sababu nyingine ni wingi wa waombaji. Chuo cha Utalii cha Kenya kilifunguliwa mwaka 1975 jijini Nairobi kwa msaada wa serikali ya Uswisi, na kwa muda mrefu ndicho kilichotajwa kwanza kila palipozungumzwa mafunzo ya hoteli. Leo masomo hayo yanapatikana pia katika Chuo Kikuu cha Moi kilichoko Eldoret, katika Chuo cha Kitaifa cha Ufundi cha Kitale na katika vyuo vingine vingi. Tangazo moja la nafasi ya meneja msaidizi huweza kuvutia mamia ya maombi, na hakuna jopo linaloweza kuketi na watu wote hao. Teknolojia ilikaribishwa kwanza ili ipunguze idadi, kabla ya mtu yeyote kuuliza kama inachuja vyema.

Jinsi unavyofanywa

Hatua ya kawaida zaidi ni mazungumzo ya video ya ana kwa ana, ambapo wasaili wako upande mmoja na msailiwa upande wa pili. Huu hautofautiani sana na usaili wa mezani. Msailiwa anaweza kuomba swali lirudiwe, anaweza kuona msaili akitikisa kichwa, na stima ikipotea anaweza kupiga simu na kueleza.

Ulio mgumu ni ule wa kujirekodi. Msailiwa hufungua anwani aliyotumiwa, swali hutokea kwenye kioo, hupewa sekunde 30 hivi za kufikiri na dakika moja au mbili za kujibu akiitazama kamera. Hakuna mtu upande wa pili. Waajiri huupenda kwa sababu meneja wa wafanyakazi anaweza kuzitazama video 40 jioni moja na kuziruka zisizompendeza.

Wasailiwa wengi hawaupendi, na wana sababu. Kazi ya hoteli ni kazi ya kusoma uso wa mgeni na kubadili neno kabla halijatoka kinywani. Kumpima mtu wa kazi hiyo kwa kumtaka azungumze na kioo kisichomjibu ni sawa na kumpima mpishi kwa kumtaka aeleze ladha ya mchuzi.

Mbali na video, kuna majaribio ya kompyuta. Msailiwa hupewa hesabu za vyumba, orodha ya malalamiko ya wageni aipange kwa uzito, au zamu za wafanyakazi azigawe kwa wiki. Hoteli kubwa huweza kumtaka aonyeshe kuwa amewahi kutumia programu za kusimamia vyumba kama Opera, ambazo huunganisha mapokezi, bili za wageni na hesabu za usiku.

Mtandao, mvua na saa

Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa ni asilimia 22.6 tu ya Wakenya wenye umri wa miaka mitatu na zaidi waliokuwa wakitumia intaneti, na asilimia 10.4 waliokuwa wakitumia kompyuta. Hali imeendelea kubadilika tangu wakati huo, lakini mwajiri anayedhani kwamba kila mwombaji ana kipakatalishi na chumba kitulivu huwa amekwisha kuchagua tabaka la watu atakaowasikia.

Kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mvua hupenda kunyesha alasiri. Nyumba nyingi zimeezekwa kwa mabati. Usaili uliopangwa saa tisa alasiri msimu wa mvua unaweza kuwa na mtandao mzuri, stima ya kutosha na simu iliyojaa chaji, na bado wasaili wasisikie neno hata moja. Aliyepewa nafasi ya kuchagua saa hufanya vyema kuchagua asubuhi.

Wengi hukimbilia saiba mjini Bungoma au Chwele. Huko mtandao ni imara zaidi, lakini faragha haipo. Kila aliye kwenye foleni ya kupiga chapa barua au kuwasilisha ripoti ya ushuru anamsikia msailiwa akitaja mshahara anaoutaka, na mwenye duka huenda akapaza redio wakati wa swali la mwisho. Baadhi ya wenye saiba hukodisha chumba cha nyuma kwa saa moja, na pesa hizo hazipotei bure. Afisi ya chuo cha zamani, maktaba, au nyumba ya jamaa mwenye intaneti mjini ni njia nyingine ambazo watu hutumia.

Simu ya mkononi inatosha kwa usaili wa video, mradi iegemezwe mahali imara na isishikwe mkononi. Mwanga utoke mbele ya msailiwa wala usitoke mgongoni, la sivyo uso huonekana kama kivuli. Bando inunuliwe mapema kwa kuwa video hula data nyingi kuliko ujumbe wa maandishi, na laini ya kampuni ya pili ya simu iwekwe tayari endapo ya kwanza itazimika. Wanaosailiwa kwa simu husahau jambo moja dogo: kuzuia simu nyingine zisiingie. Usaili umewahi kukatizwa na mama anayeuliza kama ng'ombe wameshanyweshwa.

Saa nazo zinahitaji uangalifu. Mwaliko kutoka Dubai unaosema 10:00 una maana ya saa nne asubuhi kwa saa za huko, na wakati huo Sirisia ni saa tatu, kwani Dubai iko mbele ya Kenya kwa saa moja. Doha na Riyadh zina saa sawa na Nairobi. London iko nyuma kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi. Mtu aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiswahili anaweza kuisoma 10:00 kuwa saa kumi, akajipamba alasiri nzima kwa ajili ya mkutano uliokwisha tangu asubuhi.

Mambo ambayo kioo hakioni

Umeneja wa hoteli una sehemu inayopimika kwa urahisi mtandaoni na sehemu isiyopimika hivyo, na makosa mengi ya usaili hutokana na kuchanganya sehemu hizo mbili.

Chukua mfano wa hesabu ambayo msailiwa anaweza kupewa. Hoteli ina vyumba 40. Usiku mmoja vyumba 26 vimelaliwa kwa Sh3,500 kila kimoja. Mapato ni Sh91,000, vyumba vilivyojaa ni asilimia 65, na mapato yakigawanywa kwa vyumba vyote 40, kila kimoja kimeleta Sh2,275. Mwenye hoteli anapendekeza bei ishushwe hadi Sh3,000 ili vyumba 32 vilaliwe. Sasa mapato ni Sh96,000, vyumba vimejaa kwa asilimia 80, na wastani kwa kila chumba umepanda hadi Sh2,400. Je, bei ishushwe?

Jaribio la kompyuta lenye majibu ya kuchagua litampa alama aliyesema ndiyo, kwani kila tarakimu imepanda. Meneja aliyewahi kushika funguo za stoo atauliza kwanza gharama ya kila chumba kinacholaliwa: kufua shuka, sabuni, maji moto, kiamsha kinywa. Ikiwa gharama hiyo ni Sh900, vyumba sita vya ziada vitakula Sh5,400 ilhali mapato yameongezeka kwa Sh5,000. Hoteli itakuwa imejaa, imechoka, na kupoteza Sh400 kila usiku.

Tofauti kati ya msailiwa anayejibu na msailiwa anayeuliza kabla ya kujibu huonekana tu pale ambapo kuna mtu wa kuulizwa. Usaili wa kujirekodi huifuta tofauti hiyo.

Ndivyo ilivyo pia kwa maswali ya matukio. Sherehe ya harusi iliyoagiziwa chakula cha watu 300 imefikiwa na watu 420. Kuku wamebaki sufuria mbili na mzee wa ukoo bado hajahudumiwa. Meneja atafanya nini? Kwa aliyelelewa Bungoma swali hili halihitaji kuwaziwa, kwani ameliona tangu utotoni: nani huhudumiwa kwanza, nini huongezwa kwenye sahani ili nyama itoshe, na nani aendewe kando na kuombwa radhi kwa heshima. Ujuzi huo ni mtaji. Lakini mwombaji asipoulizwa kwa namna itakayomruhusu kuueleza, atakariri maneno ya kitabu kuhusu huduma bora kwa wateja, kama wengine wote, na video yake itafanana na za wengine wote.

Kuna lililothibitishwa kuhusu njia bora ya kuuliza. Mwaka 2022 watafiti wakiongozwa na Paul Sackett wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walipitia upya tafiti za miongo mingi kuhusu vipimo vya kuajiri. Walibaini kwamba usaili wenye mpangilio, yaani ule ambao wasailiwa wote huulizwa maswali yale yale yanayohusu kazi na kutuzwa alama kwa kigezo kimoja, ndio uliokuwa juu ya vipimo vingine katika kutabiri utendakazi. Hapa teknolojia inaweza kusaidia kweli. Maswali yakiwekwa kwenye programu, msaili hawezi kumuuliza mmoja kuhusu bajeti ya jiko na mwingine kuhusu kijiji cha babake. Faida hiyo, hata hivyo, imo katika mpangilio. Mwenye nyumba ya wageni ya vyumba 12 anaweza kuipata kwa karatasi na kalamu.

Mtambo unapotoa alama

Suala linalozua ubishi mkubwa ni pale ambapo video haitazamwi na mtu kwanza, bali hupitishwa kwenye mtambo unaompangia kila msailiwa alama.

Kampuni ya HireVue ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2004, ndiyo iliyojulikana zaidi katika biashara hii. Hilton, mojawapo ya kampuni kubwa za hoteli duniani, ni miongoni mwa waajiri waliotajwa na gazeti la Washington Post mwaka 2019 kuwa walitumia mfumo wake. Mfumo huo ulichanganua maneno, sauti na hata mienendo ya uso. Novemba mwaka huo shirika la kutetea faragha la EPIC liliwasilisha malalamiko kwa tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara, na Januari 2021 HireVue ikatangaza kwamba imeacha kuchanganua uso.

Mwaka huo wa 2021, wanahabari wa shirika la utangazaji la Bayerischer Rundfunk nchini Ujerumani waliujaribu mfumo mwingine wa kusaili kwa video. Mtu yule yule alipovaa miwani au kitambaa cha kichwani, mtambo ulimwona kuwa na tabia tofauti. Rafu ya vitabu ilipowekwa nyuma ya msailiwa, alama zilibadilika pia. Mwombaji wa Sirisia anayejirekodi mbele ya ukuta wa udongo au pazia la kitenge ana haki ya kujiuliza mtambo kama huo ungemwonaje.

Lafudhi ni kikwazo kingine. Mitambo mingi hugeuza sauti kuwa maandishi kwanza, kisha huyapima maandishi hayo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2020 ulipima mifumo mitano ya Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft. Kwa wastani ilikosea maneno 35 kati ya kila 100 yaliyosemwa na Wamarekani weusi, na 19 kati ya 100 yaliyosemwa na Wamarekani weupe. Hao wote walikuwa watu waliozaliwa na kukua katika Kiingereza. Kiingereza kinachotamkwa kwa lafudhi ya Kibukusu au Kisabaoti kingefasiriwaje? Mgeni wa hoteli angekielewa bila taabu; mtambo huenda ukaandika kitu kingine na kukitoza alama.

Mataifa yameanza kuweka mipaka. Jimbo la Illinois nchini Marekani lilitunga sheria iliyoanza kutumika Januari 2020, inayomlazimu mwajiri kumwarifu msailiwa kwamba video yake itachanganuliwa na mtambo, kumweleza jinsi unavyofanya kazi, na kupata idhini yake. Umoja wa Ulaya umeiweka mifumo ya kuchagua wafanyakazi katika kundi la mitambo yenye hatari kubwa, na tangu Februari 2025 umepiga marufuku mitambo ya kukisia hisia za watu kazini.

Sheria ya Kenya inasemaje

Si kweli, kama wengi wanavyodhani, kwamba Kenya haina ulinzi wowote. Ibara ya 31 ya Katiba ya mwaka 2010 inalinda faragha. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, au mtu anayetafuta kuajiriwa, kwa misingi ya jinsia, lugha, dini, kabila, ulemavu, uja uzito na mingineyo. Katazo hilo halisemi kwamba ubaguzi lazima utendwe na binadamu.

Muhimu zaidi ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kifungu chake cha 35 kinampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mtambo pekee. Haki hiyo ina mianya, kwani uamuzi wa namna hiyo unaruhusiwa ikiwa ni wa lazima katika kuingia mkataba, ikiwa umeidhinishwa na sheria, au ikiwa mhusika amekubali. Idhini nayo hupatikana kwa urahisi mno: ni kisanduku kidogo kinachobonyezwa na mtu mwenye hofu ya kukosa kazi. Hata hivyo, sheria hiyo inamtaka aliyetumia mtambo amwarifu mhusika kwa maandishi, na mhusika anaweza kuomba uamuzi ufikiriwe upya.

Sheria hiyo pia inamruhusu msailiwa kuuliza data yake inatumiwa kwa nini, kuomba kuiona, na kuomba ifutwe isipohitajika tena. Video ya usaili ni data yake. Malalamiko hupelekwa kwa Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, na sheria inataka yachunguzwe na kukamilishwa kwa siku 90. Afisi hiyo haijalala: Septemba 2023 iliitoza klabu moja ya burudani jijini Nairobi faini ya Sh1.85 milioni kwa kuchapisha picha ya mteja mtandaoni bila idhini. Wenye hoteli wana sababu ya kuzihifadhi video za wasailiwa kwa uangalifu.

Msailiwa mwenye ulemavu wa kusikia au kuona anafaa kueleza mahitaji yake anapopokea mwaliko, kwa maandishi, ili kukataliwa kwake, kukitokea, kuwe na ushahidi.

Matapeli na vioo

Teknolojia iliyomwondolea mwombaji nauli imemwondolea tapeli nauli pia. Zamani aliyetaka kuwalaghai vijana wa Bungoma kwa ahadi ya kazi za ng'ambo alilazimika kukodi afisi, kuweka meza na kutundika ramani ya dunia ukutani. Leo anahitaji akaunti ya WhatsApp na picha ya hoteli aliyoipakua.

Mwaka 2022 serikali iliwaonya Wakenya kuhusu ahadi za kazi nchini Thailand, baada ya vijana waliosafiri kwa matumaini ya kazi nzuri kujikuta wakishikiliwa Myanmar na kulazimishwa kufanya ulaghai wa mtandaoni.

Mashirika ya kuwatafutia watu kazi yanapaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na mwombaji anaweza kuiuliza mamlaka hiyo kabla ya kutuma pasipoti yake kwa mtu yeyote. Kuna dalili nyingine zisizohitaji afisi. Usaili unaofanywa kwa ujumbe wa maandishi pekee, bila uso wala sauti, si usaili wa meneja. Pesa zinazoitishwa kabla ya mkataba, ziitwe za mafunzo, viza au sare, ni onyo. Na msaili asiyeuliza swali hata moja kuhusu jiko hajawahi kuendesha hoteli, kwani jiko ndilo linalowanyima mameneja usingizi.

Waajiri nao wanalalamika. Tangu ChatGPT ilipozinduliwa Novemba 2022, baadhi ya wasailiwa husoma majibu yanayotungwa na programu papo hapo wakati wa usaili wa video. Macho huwasaliti: huenda kushoto na kulia kama ya mtu anayesoma gazeti. Jopo lililo macho huuliza swali la pili lililozaliwa na jibu la kwanza. Ni wafanyakazi wangapi walikuwa zamu usiku huo? Mgeni alilipwa fidia gani, na nani aliidhinisha? Aliyekuwapo atakumbuka, hata akigugumia.

Kutumia programu hizo kujifua kabla ya usaili ni jambo jingine, wala halina hila. Kijana anaweza kuitaka imuulize maswali 20 ya umeneja, ajibu kwa sauti, ajirekodi kwa simu na kujitazama. Wengi hugundua kwamba huzungumza kwa kasi kuliko walivyodhani.

Hatua ya mwisho

Kwa mameneja, kioo hakijaondoa kabisa usaili wa ana kwa ana. Mwajiri makini huwateua wawili au watatu kutoka mtandaoni, kisha huwaita hotelini. Huko huzungushwa stoo na jikoni, huketishwa mapokezi saa za wageni kuondoka, na wakati mwingine huachiwa zamu moja chini ya uangalizi. Wapo wanaoangalia kama msailiwa amemsalimia bawabu langoni.

Ni hatua hii ambayo nauli inapaswa kujadiliwa. Hoteli iliyookoa gharama za kuwaketisha watu 40 inaweza kumlipia safari na malazi yule anayetoka mbali, na vyumba vya kulaza wageni ndiyo biashara yake. Mwombaji hakosi adabu akiuliza kwa barua pepe, kabla ya siku yenyewe, ni nani atakayegharimia safari hiyo.

Basi la usiku kutoka Bungoma bado lipo, na bado hufika Nairobi alfajiri. Anayeliabiri sasa anajua kwamba waliobaki ni wawili au watatu, na ameshauona uso wa mtu atakayemfungulia mlango.